Wito wa Kibonde cha Tangulia

Kuna jani moja huko malishoni linalochipua kabla ya mvua. Wakati nyasi zimekauka hadi mizizi na ng'ombe wanalamba vumbi, lenyewe linatoka ardhini kijani kibichi, laini, limeshiba maji, utadhani limepewa habari ambazo majani mengine yamefichwa. Wachungaji wanaliita tangulia. Wanaliita hivyo kwa sababu linaitangulia mvua, na kwa sababu ya pili ambayo mfugaji yeyote anaielewa bila kuelezwa: ng'ombe akilila, naye anatangulia.

Tena lina hila. Ng'ombe akilila haanguki papo hapo. Anaendelea na safari yake, anapunga mkia, anafukuza nzi, mzima kabisa, na mwenye mali anamshukuru Mungu kimoyomoyo. Halafu wanafika bwawani. Ng'ombe anainama, anakunywa kama kawaida, anageuka, na kabla hajaupanda ukingo moyo unamgomea. Ndiyo maana wachungaji wakishuku kwamba mnyama ameonja tangulia humweka kivulini, wakamnyima maji, wala hawamkimbizi, hata alie vipi.

Mama Maziwa hakushuku. Alimwona ng'ombe wake mwekundu, yule mwenye pembe moja iliyopinda, akitoka kibondeni huku anatafuna, akafurahi kwamba leo angalau mmoja amepata kitu kibichi. Akampeleka majini mwenyewe, akimsifia njia nzima. Ng'ombe alikunywa, akageuka, akapiga magoti kama anayetaka kulala, na ikawa basi.

Jioni hiyo alipitia, akiwa safarini, mdogo wa mumewe, ambaye watu wote wanamwita Dereva kwa sababu anaendesha lori la kubebea mifugo na hajawahi kuzungumza jambo lolote bila kulitaja lori hilo. Hakuja kwa ubaya. Aliketi kwenye kiti cha plastiki barazani, akavua kofia, akaipigapiga gotini.

"Pole, shemeji. Pole sana. Lakini tuambiane ukweli. Tangulia ndiyo kwanza inaanza kutoka, na wewe wito huna."

"Nitaupata."

"Utaupata wapi? Wito hauuzwi dukani. Aliyekuwa nao ni kaka, na kaka ndiyo hivyo tena." Hapo alishusha sauti, maana kaka mwenyewe alikuwa nyuma ya dirisha, umbali wa mkono mmoja tu ukiwatenganisha. "Akifa mwingine, hata mmoja, nakuja na lori. Nawapeleka kwangu, kule tangulia haioti. Sikunyang'anyi, shemeji. Nawaokoa."

Kwake Dereva ni mbali, safari ya kutwa nzima. Mama Maziwa alitamani kumjibu kwa ukali. Maneno ya Dereva yalikuwa ya mtu mwenye akili, na hakuna kitu kinachoudhi kama kuambiwa neno la akili siku umefiwa na ng'ombe.

Kitu ambacho Dereva hakukijua kilikuwa dirishani. Tangu kiharusi kilipompiga mumewe, katikati ya kiangazi, upande wake wa kulia ulilala na maneno yakamkimbia yote. Kutwa alikuwa akikaa kwenye kiti cha mbao chenye mito, uso umekunjamana, macho yako mbali. Lakini jioni, kwato zikianza kusikika njiani, mtu huyo aliamka. Aliweka mkono wake mzima juu ya fremu ya dirisha, na kila ng'ombe alipoingia langoni aligonga kidole mara moja. Hakuhitaji kuwaona, aliwajua kwa mwendo. Wakishaingia wote, alishusha mkono mapajani na kupumua kama mtu aliyemaliza kazi yake.

Siku ile alipokufa yule mwekundu, mkono haukushuka. Ulibaki juu, kidole kimoja kimenyooka, kinamsubiri. Mama Maziwa alisimama mlangoni na ndoo ya kukamulia akautazama mkono ule mpaka akashindwa. Alijua kwamba ng'ombe wote wakipakiwa kwenye lori, mkono huo utabaki hewani siku zote, na yeye atakuwa amebaki na kiti na mito yake.

Sasa tuseme kuhusu wito, kwa sababu ndiyo shina la habari hii.

Kibonde cha tangulia hakikwepeki. Huku kuna mashamba yaliyozungushiwa seng'enge, kule kuna korongo, na njia ya kwenda malisho ya juu inapita katikati, kwenye mchanga mwekundu ambako tangulia hupenda kuota. Kwa hiyo kila mchungaji ana wito wake. Ni neno moja, analifundisha ng'ombe wake tangu ndama, na maana yake ni moja tu: inua kichwa, ondoka hapa. Ng'ombe wakilisikia wanaacha hata jani lililokwisha kuingia mdomoni. Lakini neno hilo lina masharti. Halitamkwi nyumbani, halitamkwi karibu na zizi, watoto hawalijui, wake hawaambiwi. Neno likizoeleka kwenye uwanja wa nyumbani linachuja, na siku ya siku ng'ombe watalisikia kibondeni wasigeuze hata sikio. Na mchungaji mwingine hata akilisikia kila siku haruhusiwi kulitaja. Kutaja wito wa mwenzako ni kama kumfungulia zizi lake. Wanawake walikuwa wakitaniana kwenye kituo cha maziwa kwamba kila mume ana mke wa pili kule kibondeni, na jina lake hataji hata ukimbana mlangoni.

Mama Maziwa alitunga nusu ya utani huo. Alikuwa amefanya kazi kituoni tangu ujana wake, kwenye kile chumba cha sakafu ya saruji kinachonukia maziwa na sabuni ya kuoshea makopo, akinusa, akitumbukiza kipimio, akimrudisha mtu aliyechanganya maji bila kumwonea haya. Mdomo wake ulijulikana. Wapo waliochelewesha maziwa makusudi wamkute amechoka kusema, na hawakuwahi kumkuta amechoka. Hiyo ndiyo kazi aliyoiacha baada ya mume kuugua na mchungaji wao wa kibarua, alipoona msimu wa tangulia unabisha hodi, kukumbuka kwamba ana shughuli kwao.

Sasa alichunga mwenyewe, na alichokikosa kuliko usingizi, kuliko miguu isiyouma, kilikuwa sauti ya mumewe.

Na mumewe wala hakuwa msemaji. Nyumbani alikuwa anasema "mama watoto, chumvi," "mama watoto, mlango," basi. Hata hayo sasa aliyatamani. Lakini chini ya hayo kulikuwa na kiu nyingine ya zamani, na hiyo hakuwahi kumwambia mtu. Kabla ya watoto, kabla ya ndoa, alikuwa na jina. Kijana yule alimpa jina la utani kwa sababu ya mdomo wake, na kila asubuhi alikuwa akisimama na ng'ombe wa baba yake upande wa pili wa kibonde, anaita jina hilo kuelekea nyumba ya kina msichana, analivuta mwishoni mpaka linapasuka mlimani. Naye msichana alikuwa anatoka nje na beseni lisilo na kazi yoyote. Wakaoana. Wakahamia nyumba hii, ambayo ukuta wake wa nyuma ndio ukuta wa zizi. Siku za mwanzo kabisa, jioni moja, aliliita lile jina kwa furaha toka mlangoni. Usiku huohuo walikuwa wakihangaika na tochi, maana ng'ombe walikuwa wamevunja lango na kutawanyika. Kuanzia kesho yake jina halikusikika tena. Alipouliza, mume alikuna shingo, akacheka kidogo, akasema, "Hayo ya ujana, achana nayo."

Liliuma hilo. Alilimeza, akazaa, akalea, watoto wakakua wakaenda zao kutafuta maisha, na bado lilikuwa limemkaa kooni. Mwanamke hawezi kudai kuitwa. Anaweza kudai kanga, anaweza kudai bati jipya, lakini kuitwa kwa jina unalolipenda hakudaiwi. Yeye mwenyewe alikuwa halitamki hata kichwani.

Kwa hiyo alipoelewa kwamba bila wito lori litakuja, alikaa kwenye kigoda mbele ya kile kiti chenye mito.

"Baba watoto," alisema. "Nisikilize. Ukiwa kibondeni ulikuwa unawaambiaje?"

Mume alimtazama kwa macho yaliyojaa. Midomo ikahangaika. "Chi," alisema.

Mama Maziwa alishusha pumzi. Hiyo ndiyo silabi pekee iliyomsalia. Jua likimpiga machoni ni chi, akiamka ni chi, mke akitoka chumbani ni chi, akirudi ni chi chi chi. Mwanzoni mke alidhani anataka chai, akawa anampelekea kikombe, naye anakisukuma kwa mkono mzima mpaka kinamwagika. Halafu alidhani anasema chini, akawa anamlaza, naye analia machozi kwa hasira. Siku nyingine alidhani ni choo, na tuyaache hayo. Lakini safari hii alikuwa ameuliza swali, na jibu lilikuwa limekuja, kwa hiyo alipiga moyo konde na kulifanyia kazi.

Kesho yake, kibondeni, alisimama juu ya jiwe akapaza sauti: "Chini! Chiniii!"

Ng'ombe walimtii kwa namna yao. Waliendelea kuweka vichwa chini. Akawafukuza kwa fimbo mmoja mmoja, jasho linamtoka. Siku iliyofuata alijaribu "Chini hapo!" na "Chinja!" na hata "Chinuka!", neno ambalo halipo duniani, akaangua kicheko peke yake huku machozi yanamtoka. Kila mara aliwavusha kwa mbio na matusi, na kila mara alisubiri bwawani roho mkononi akitazama nani atapiga magoti.

Juu ya mgongo wa kilima kulikuwa na mtu anayemwangalia siku zote hizo, naye alikuwa jirani yao aitwaye Redio. Jina hilo alipewa kwa sababu taarifa ikimfikia saa mbili, saa tatu kata nzima inayo. Alichunga karibu na mumewe Mama Maziwa miaka na miaka. Siku hizi alikuwa akimwona mwanamke huyu akipiga kelele kibondeni, anageuza uso, anakohoa, anahamisha ng'ombe wake mbali. Mama Maziwa alidhani anamcheka. Moyoni alimwekea akiba ya maneno.

Ikafika siku ya mawingu. Upepo ulikuwa umegeuka, ardhi inanukia mvua ambayo haijanyesha, na tangulia usiku mmoja tu ilikuwa imefunika kibonde chote utadhani mkeka. Bibi Harusi, ng'ombe kiongozi, aliyeitwa hivyo kwa mwendo wake wa kujivuta, alisimama ukingoni akanusa. Nyuma yake wenzake walisukumana. Walikuwa na njaa, mbavu zinahesabika. Kisha Bibi Harusi akashuka, na wote wakamfuata, na vichwa vikashuka kwa pamoja.

Mama Maziwa alikimbia. Alimpiga huyu kwenye pua, yule nyuma yake akaanza kula. Alimvuta huyu pembe, wawili wakampita. Alipiga mluzi, akapiga makofi, akatupa mchanga, akavua kitambaa cha kichwa akakipunga. Sauti ilimkauka. Alimwona mtamba wake, yule mweusi mwenye baka jeupe shingoni, akitafuna kitu kibichi kikining'inia kwenye mdomo. Hapo akakaa kwenye mchanga, katikati ya ng'ombe wake, kama mtoto.

"Mama Maziwa!" Redio alikuwa anateremka kilima kwa kasi, makobazi yanamruka. "Mama Maziwa, mwite!"

"Nimwite nani?"

"Uite wito wake! Unangoja nini?"

"Ningekuwa nao ningeita!" alipayuka. "Unadhani nacheza ngoma hapa? Hajaniambia! Hawezi kusema!"

Redio alisimama ghafla. Uso wake ulionyesha mtu anayepigana na mdomo wake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani mdomo ndio ulikuwa unakataa.

"Mimi nilidhani unao, hutaki tu kuuita," alisema. "Nikasema labda mama wa watu anaona haya. Mtu hasemi wito wa mwenzake, Mama Maziwa. Mungu anisamehe."

"Sema, wewe baba! Leo ndiyo unakuwa bubu?"

"Chiriku!" Redio alisema, akiziba macho kwa mkono. "Wito wake ni Chiriku. Yule ndege mwenye domo. Uuvute mwishoni, halafu uukate!"

Mama Maziwa hakuinuka. Upepo ulimpeperusha nywele, naye alikuwa anamtazama Redio kana kwamba amemtukana, au amemfufulia mtu.

"Umesema nini?"

"Chiriku, Chiriku! Mimi nikiita hawatanisikia, sauti yangu hawaijui. Wewe unawakamua. Ita, mama, wanakwisha!"

Jina lake. Jina lake lenyewe, likitoka kwenye kinywa cha mwanamume mwingine, katikati ya jani la sumu. Alisimama. Nani anayejiita mwenyewe? Mara ya kwanza lilitoka dogo, la kunong'ona, sauti ya mtu anayeuliza kama kuna mtu ndani. Sikio moja la Bibi Harusi liligeuka. Basi Mama Maziwa alifumba macho, akakumbuka asubuhi zile, beseni lisilo na kazi, kijana upande wa pili, jinsi alivyokuwa analianza chini, analipandisha, analivuta mpaka linakaribia kuvunjika. Akaliita hivyo hivyo.

"Chirikuuuu!"

Vichwa viliinuka. Vyote. Majani yakadondoka midomoni. Kibonde kikawa kimya, unasikia upepo tu. Halafu Bibi Harusi akageuka na kuanza kutembea, na wengine nyuma yake, kwa mstari, bila haraka wala fimbo.

Hawakuja kwake. Walipita pembeni yake kana kwamba hayupo, wakaupanda mteremko wa upande wa pili, kuelekea mahali ambapo zamani ilikuwapo nyumba ya baba yake, ile ya beseni. Ilishabomoka siku nyingi, umebaki msingi. Lakini ng'ombe hawa, na mama zao, na mama za mama zao, walikuwa wamefundishwa kwamba jina hilo likiitwa mtu anaacha kila kitu anakwenda kule.

Yule mtamba walimbakiza, kwa kuwa ndiye pekee waliyeshuku kwamba amemeza. Redio aliwapeleka wengine malishoni pamoja na wake, na Mama Maziwa akamfunga mtamba chini ya mti wa miiba, akakaa naye. Mtamba alilia maji kutwa. Alimwambia, "Lia tu, nami nalia." Na kweli alilia, lakini si kwa ajili ya mtamba. Alilia kwa lile lango lililovunjika miaka ile, ambalo sasa alilielewa. Mumewe hakuwa amechoka na jina lile. Alikuwa ameliita sana mbele ya ng'ombe, wakalishika, na lilipogeuka kuwa wito hakuweza tena kulitamka karibu na zizi. Mjinga yule alikuwa amelipeleka jina la mkewe kazini, likabaki hukohuko.

Alasiri Redio alipita kumtazama. Alikuwa bado na aibu, na Redio mwenye aibu husema zaidi.

"Sijui kwa nini alichagua huyo ndege," alisema. "Nilimwuliza siku moja. Akaniambia hakuna ndege aliyewahi kumnyima usingizi kama huyo. Alikuwa mtu wa ajabu, mumeo. Kuna siku ng'ombe wameshavuka kitambo, wako juu huko, yeye bado amesimama kibondeni anaita. Namwambia, wewe, ng'ombe wameshapita, unaita nini? Ananijibu, najaribu sauti."

Mama Maziwa aliinamisha kichwa kwenye shingo ya mtamba.

"Mbona unalia tena? Si tumewavusha?"

"Vumbi," alisema.

Jua lilipokuwa linazama alimrudisha mtamba taratibu, hatua kwa hatua, wakisimama kila aliposimama. Ng'ombe wengine walikuwa wameshaingia na Redio. Kutoka njiani aliuona mkono dirishani. Ulikuwa juu, kidole kimenyooka. Mtamba alipovuka lango, kidole kiligonga mara moja, na mkono ukashuka.

Hakumwambia kitu. Aliogopa kufurahi mapema. Alimlisha uji, akamfuta kinywa, akamfunika. Mume alimtazama, akasema, "Chi." Mke aligeuza uso haraka, akaenda kumwangalia mtamba.

Kesho yake aliwavusha wengine asubuhi, akawaacha na Redio, akarudi. Mchana, baada ya kumsikiliza mtamba kifua na kumwona akicheua kama mtu asiye na habari, alimpa maji. Kidogo, kwenye bakuli. Akangoja. Akampa tena. Mtamba alikunywa, akainua kichwa, akampigia chafya usoni. Hakupiga magoti.

Dereva alifika jioni, ng'ombe wameshaingia, akakuta hali hiyo. Taarifa ilikuwa imemfikia, na kwa kuwa chanzo chake kilikuwa Redio, ilikuwa imemfikia ikiwa na ng'ombe waliokufa zaidi ya waliopo zizini. Lori lilikuwa linanguruma barabarani. Aliingia uani amebeba sura ya msiba, akamkuta mtamba amesimama, akazunguka zizi lote akihesabu kwa kidole.

"Wamepona?"

"Wamevuka jana, wamevuka na leo asubuhi. Hakuna aliyeonja leo."

"Umeupata wito?"

"Nimeupata."

"Ni upi?"

"Shemeji," Mama Maziwa alisema, akiosha ndoo, "wito wa mtu hautajwi."

Dereva alicheka mpaka akashika mbavu. Akachungulia dirishani, akamwamkia kaka yake, akamwambia kwamba mke wake ana kichwa kigumu kuliko breki za lori. Kisha akaondoka, na lori likiwa tupu lilitoa kelele nyingi kuliko likiwa limejaa.

Mvua ilianza giza lilipoingia, ng'ombe wakiwa wameshaingia na mkono umeshashuka. Matone makubwa yaligonga bati. Mama Maziwa aliingia chumbani na kikombe cha chai, kwa mazoea tu, akakiweka mezani. Akaangalia dirisha. Zizi lilikuwa pale pale, pua ya Bibi Harusi karibu inaingia ndani. Akalifunga dirisha, akapiga komeo, akavuta na pazia. Mume alimfuata kwa macho, hajui kinachoendelea.

Alivuta kigoda akakaa karibu sana, magoti yao yakagusana.

"Redio ameniambia," alisema kwa sauti ndogo. "Ameniambia unavyowaita."

Upande wa uso wa mume uliobaki mzima ulianza kuwa na haya, haya ya kijana kabisa, na ule mkono mzima ukapanda ukakuna shingo.

"Miaka yote hii," mke alisema, na hasira na mapenzi vilikuwa vimechanganyika hata yeye hakuweza kuvitenganisha. "Unawaita ng'ombe jina langu, mimi nakaa kituoni na makopo, nasema mwanamume huyu alinisahau. Hukuweza kunong'ona? Hukuweza kufunga dirisha, kama nilivyofunga mimi?"

Machozi yalimtoka mume, hakuyafuta.

"Na tangu uugue. Nakuletea chai. Nakulaza. Nakupeleka choo." Akamshika ule mkono mzima. "Ulikuwa unanipa wito niwavushe ng'ombe, au ulikuwa unaniita mimi?"

Midomo ilihangaika. Alikusanya nguvu zake zote, shingo ikamkaza, akatafuta sehemu iliyobaki ya neno, na haikuwapo. Nje, nyuma ya ukuta, ng'ombe walikuwa wanacheua wametulia. Nusu ya jina haiwezi kuwasimamisha.

"Chi," alisema.

Mkewe hakugusa kikombe.

"Abee," akaitika.